Mtumbwi Mkuukuu: Tutengeneze au Tuuache?

1. Mtumbwi na maisha yetu

Kijiji cha Guta kiko katika Wilaya ya Bunda, Mkoa wa Mara. Kiko kando ya Ziwa Victoria, katika Ghuba ya Speke. Watu wa sehemu hii wanalima pamba, mihogo, mtama na mahindi. Wanafuga ng'ombe na mbuzi. Pia wanavua sangara, sato na dagaa.

Mkulima anategemea jembe lake. Mvuvi anategemea nyavu zake na mtumbwi wake. Jembe likivunjika shambani, mkulima hukaa chini ya mti akatia mpini mpya. Lakini mtumbwi ukivunjika katikati ya ziwa, mvuvi hana mahali pa kukaa.

Ukitembea mwaloni utaona mitumbwi mingi. Mingine inaelea majini. Mingine imelala juu ya mchanga na majani yameota ndani yake. Wenye mitumbwi hiyo hujiuliza: Je, mtumbwi huu bado unafaa? Je, nikiutengeneza, nitapata faida au nitapoteza fedha yangu?

Hilo ni swali la fedha. Ni swali la uhai pia. Mwishoni mwa mwezi Julai 2023, mitumbwi miwili ilizama katika eneo la Mchigondo, katika wilaya yetu hii ya Bunda. Watu zaidi ya 10 walikufa maji. Walikuwa wakitoka ibadani. Kila tunapotengeneza mtumbwi tukumbuke kwamba watu wataingia ndani yake, na watu hao wana watoto nyumbani.

Somo hili litatueleza jinsi ya kuukagua mtumbwi mkuukuu wa mbao na jinsi ya kuutengeneza. Neno kubwa la somo hili ni moja: rangi haiponyi ubao uliooza. Anza na mifupa ya mtumbwi. Rangi iwe kazi ya mwisho.

2. Mtumbwi umejengwaje?

Zamani mitumbwi mikubwa ya Ziwa Victoria ilikuwa haina msumari hata mmoja. Mafundi walitoboa matundu katika mbao, kisha wakazishona kwa nyuzi za miti. Mitumbwi ya namna hiyo ilisifika sana katika Visiwa vya Sese, huko Uganda. Siku hizi mbao hazishonwi tena. Zinapigiliwa misumari. Lakini umbo la mtumbwi halijabadilika sana.

Mtumbwi wa mbao una sehemu kubwa tatu.

Sehemu ya kwanza ni mkuku. Mkuku ni mti mrefu wa chini, unaotoka mbele mpaka nyuma. Huu ndio uti wa mgongo wa mtumbwi. Kila kitu kimejengwa juu yake.

Sehemu ya pili ni mbavu. Mafundi wa pwani huziita mataruma. Mbavu ni vipande vya miti vilivyopinda. Vinatoka kwenye mkuku na kupanda juu pande zote mbili. Fundi mzuri hutafuta tawi lililopinda lenyewe tangu porini. Tawi la namna hiyo lina nguvu kuliko ubao ulionyooka uliochongwa ili upinde.

Sehemu ya tatu ni mbao za ubavuni. Mbao hizi zinapigiliwa kwenye mbavu, moja juu ya nyingine. Mahali mbao mbili zinapokutana panaitwa mshono. Katika mishono ndimo maji hupenda kuingia. Kwa hiyo mafundi huziba mishono kwa pamba. Kisha wengi wao hupigilia utepe wa bati juu ya mshono.

Mtu akivunjika mfupa, hatuponyi kwa kumvika shati jipya. Mtumbwi nao ni hivyo hivyo. Mkuku na mbavu ni mifupa. Mbao ni ngozi. Rangi ni shati.

3. Maji yanayovuja yana uzito gani?

Watu wengine husema, "Mtumbwi wetu unavuja kidogo tu. Tunayo makopo ya kutolea maji." Tufanye hesabu tuone.

Tuseme mtumbwi unavuja nusu lita kwa dakika moja. Hicho ni kikombe kikubwa cha chai tu. Saa moja ina dakika 60. Kwa saa moja yataingia maji lita 30. Wavuvi wakikaa ziwani saa 10 za usiku, yataingia maji lita 300.

Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Kwa hiyo lita 300 ni kilo 300. Huo ni uzito wa watu watano, kila mmoja akiwa na kilo 60. Ni kama vile watu watano wamepanda mtumbwi usiku bila kuombwa nauli!

Tena maji hayatulii kama gunia. Mtumbwi ukilala upande wa kushoto, maji yote hukimbilia kushoto. Yanauvuta mtumbwi uzidi kulala. Wimbi likija wakati huo, mtumbwi unaweza kupinduka. Na mtu anayetoa maji usiku kucha hawezi kuvuta nyavu, wala hawezi kutazama hali ya hewa.

Wahenga walisema, "Usipoziba ufa, utajenga ukuta." Ziwani huenda hata nafasi ya kujenga ukuta usiipate.

4. Kuupandisha mtumbwi na kuukausha

Wakati mzuri wa kufanya matengenezo makubwa ni kiangazi, kuanzia Juni hadi Agosti. Wakati huo mvua ni chache na mbao zinakauka vizuri. Matengenezo madogo yanaweza kufanyika wakati wa mbalamwezi. Wavuvi wa dagaa wanajua kwamba dagaa hufuata taa katika usiku wa giza. Mwezi ukiwa mkubwa, taa haziwavuti vizuri, na wavuvi wengi hupumzika. Siku hizo zitumike kutazama mtumbwi.

Fuata hatua hizi:

Kwanza, toa kila kitu ndani ya mtumbwi. Toa injini, nyavu, taa na mbao za kukanyagia.

Pili, uvute mtumbwi juu ya magogo ya mviringo mpaka mahali ambapo mawimbi hayafiki. Waite majirani wa kutosha. Mtumbwi unaovutwa na watu wachache huburutwa, na kuburutwa huharibu mkuku.

Tatu, usiulaze mtumbwi juu ya udongo. Mchwa wataupanda. Uweke juu ya mawe au magogo makavu, na uutegemeze pande zote mbili usilale.

Nne, uoshe kwa maji na brashi ngumu, ndani na nje. Ondoa matope, magamba ya samaki na utelezi wote.

Tano, uache ukauke kivulini kwa wiki mbili au tatu. Kama hakuna kivuli, ufunike kwa makuti au nyasi. Jua kali hukausha ubao haraka upande mmoja, na ubao hupasuka.

5. Kuukagua mtumbwi

Kabla ya kukagua, tujue kwa nini ubao huoza.

Ubao huozeshwa na kuvu. Kuvu ni viumbe vidogo sana, jamaa za uyoga. Kuvu wanahitaji unyevu na hewa. Ubao ulio mkavu siku zote hauozi, kwa sababu hauna unyevu. Ubao uliozama ndani ya maji siku zote hauozi upesi, kwa sababu kuvu hawapati hewa ya kutosha. Ubao unaooza upesi ni ule unaolowa na kukauka, kisha kulowa tena. Hasa ni ule unaokaa na unyevu uliofichika.

Kwa hiyo usitazame nje tu. Tazama mahali pa siri. Mahali hapo ni hapa:

- Pale ambapo mbavu zinakutana na mkuku. Maji ya mvua na utelezi wa samaki hujikusanya hapo.
- Chini ya tepe za bati. Bati huficha unyevu, na ubao huoza chini yake bila kuonekana.
- Kuzunguka misumari. Ukiona weusi kuzunguka msumari, ujue msumari una kutu na ubao unalegea.
- Ubao wa nyuma unaobeba injini. Injini hutetemesha ubao huo kila siku na kulegeza misumari.
- Chini ya viti vya kukalia na kwenye ncha za mbao.

Chukua nyundo ndogo, kisu chenye ncha na kipande cha mkaa. Gonga ubao polepole kwa nyundo, hatua kwa hatua. Ubao mzima hulia kwa sauti kali. Ubao uliooza hulia kwa sauti nzito, kama unagonga boga. Ukisikia sauti hiyo, choma kwa ncha ya kisu. Kama kisu kinagoma, ubao ni mzima. Kama kisu kinaingia kama katika muhogo uliopikwa, ubao umekufa. Weka alama ya mkaa hapo.

Usione huruma kuchoma. Tundu dogo la kisu linazibika. Ubao uliooza ukifichwa na rangi utajifunua siku ya dhoruba.

Ukimaliza kukagua, chukua daftari. Chora umbo la mtumbwi. Andika kila mahali ulipoweka alama. Hesabu mbavu mbovu ni ngapi, na mbao mbovu ni ngapi. Hapa ndipo kusoma na kuandika kunapotusaidia. Fundi hawezi kukudanganya kuhusu kazi uliyokwisha kuihesabu mwenyewe.

6. Tutengeneze au tuuache?

Sasa unayo daftari mkononi. Kaa na fundi wako na wenzako, mkate shauri.

Kama mkuku ni mzima, na mbavu mbovu ni chache, na mbao mbovu ni chache, tengeneza. Mtumbwi huo bado una maisha.

Kama mkuku umeoza kwenye ncha tu, mwulize fundi mwenye ujuzi. Huenda akaweza kukata sehemu mbovu na kuunga kipande kipya.

Kama mkuku umeoza au umevunjika katikati, usitengeneze. Kubadili mkuku mzima ni sawa na kuvunja mtumbwi na kuujenga upya. Vivyo hivyo, kama zaidi ya nusu ya mbavu na mbao ni mbovu, afadhali kukusanya fedha ya mtumbwi mpya. Ukiutengeneza kidogo kidogo, utalipa gharama ya mtumbwi mpya na kubaki na mtumbwi mkuukuu.

Shauri hili ni gumu. Mtumbwi huenda ulikuwa wa marehemu baba. Huenda ndio uliowasomesha watoto. Lakini mtumbwi uliochoka hauwezi kuheshimiwa kwa kupelekwa ziwani. Toa mbao zilizo nzima, tengenezea viti, milango au banda la kuku. Zilizooza zifanye kuni. Usimuuzie mtu mwingine mtumbwi huo baada ya kuupaka rangi nzuri. Huko ni kuuza kifo cha mtu.

7. Kazi ya mbavu na mbao

Tuseme mmeamua kutengeneza. Anza na mbavu, kisha mbao.

Vaa viatu vigumu. Misumari yenye kutu iko kila mahali. Ukichomwa na msumari, osha jeraha kwa maji safi na sabuni, kisha nenda zahanati. Vidudu vya pepopunda huingia kwa jeraha kama hilo. Iko chanjo ya kuzuia ugonjwa huo.

Ng'oa tepe zote za bati kuukuu. Toa pamba iliyooza katika mishono. Ng'oa misumari yenye kutu mahali unapotengeneza. Usiinyooshe ili kuitumia tena. Msumari uliopinda mara moja umekwisha kupoteza nguvu.

Badili ubavu mmoja kwa wakati mmoja. Toa mbovu, weka mpya, pigilia, ndipo uende kwa mwingine. Ukitoa mbavu nyingi pamoja, mtumbwi utalegea na kupoteza umbo lake. Mtumbwi uliopoteza umbo huenda upande, hata kama mpiga kasia ni hodari.

Mbao nazo zibadilishwe moja moja. Usikate mahali palipooza tu. Kata mpaka ufikie ubao mzima, kisha ongeza shubiri moja kila upande. Kuvu huwa wameanza kuingia mahali ambapo jicho halioni bado. Ncha za ubao mpya ziishie juu ya ubavu, au ziwekewe kipande kinene cha ubao kwa ndani cha kuziunganisha. Maungio ya mbao jirani yasiwe katika mstari mmoja. Yapishane, kama fundi mwashi anavyopishanisha matofali.

Je, tutumie mbao gani? Mvule ni mti mzuri sana. Hauozi upesi na mchwa hawaupendi. Mninga nao ni mzuri. Lakini miti hii inakua polepole, na bei yake ni kubwa. Usikate miti bila kibali cha ofisi ya misitu. Mbao laini za msonobari ni rahisi kupatikana, lakini huoza mapema zaidi, isipokuwa zimetiwa dawa. Ukizitumia, zikague kila mwaka bila kukosa.

Hakikisha ubao mpya ni mkavu. Ubao mbichi utasinyaa baadaye na kuacha mwanya.

Nunua misumari iliyopakwa zinki. Haishiki kutu upesi. Toboa kwanza tundu dogo kwa keekee, ndipo upige msumari. Bila tundu, ubao mgumu hupasuka. Msumari upite ubao na kuingia vizuri katika ubavu.

8. Kutia kalafati

Kutia kalafati ni kuziba mishono kwa pamba. Sisi wa Bunda tunalima pamba, kwa hiyo hatuna haja ya kuitafuta mbali. Tumia pamba safi, isiyo na mbegu wala takataka.

Sokota pamba mkononi mpaka iwe kamba laini. Iweke juu ya mshono. Isukume ndani kwa patasi butu na nyundo ya mti. Usitumie patasi kali, itakata pamba na kuchana ubao. Nenda polepole, kiasi cha kiganja kimoja kwa kila pigo. Usiache nafasi.

Hapa pana jambo ambalo watu wengi hawalijui. Usijaze pamba kwa nguvu kupita kiasi. Ubao mkavu ukiingia majini hunywa maji na kuvimba. Pamba nayo huvimba. Kama uliijaza sana, mbao zitasukumana. Misumari italegea na mbavu zitapasuka. Jaza mpaka pamba ishike vizuri, kisha acha.

Juu ya pamba paka puti ya mbao. Ikikauka, unaweza kupigilia utepe wa bati. Lakini kumbuka: bati linalinda pamba, haliponyi ubao. Usipigilie bati juu ya ubao uliooza. Fanya hivyo nawe umefunga kidonda kichafu kwa kitambaa kizuri.

Tufanye hesabu ya mishono. Tuseme mtumbwi una urefu wa futi 24. Kila upande una mbao 5. Mshono wa kwanza uko kati ya mkuku na ubao wa kwanza. Mishono mingine 4 iko kati ya mbao na mbao. Kwa hiyo kila upande una mishono 5. Pande mbili zina mishono 10. Zidisha 10 kwa futi 24. Utapata futi 240. Kama fundi mmoja anatia kalafati futi 30 kwa siku, kazi itachukua siku 8. Ukijua hesabu hii, utaweza kupatana na fundi bila ugomvi.

9. Kupaka rangi

Sasa ndipo wakati wa rangi umefika.

Mbao ziwe kavu kabisa. Rangi ikipakwa juu ya ubao wenye unyevu, unyevu unafungiwa ndani na kuvu wanashangilia. Sugua mbao kwa msasa. Futa vumbi. Paka rangi ya kwanza ya kutangulia, ikauke. Kisha paka rangi ya mafuta mara mbili. Kila mara iache ikauke vizuri. Paka ndani na nje, na hasa ncha za mbao, kwa sababu ncha hunywa maji kuliko ubavu wa ubao.

Baadhi ya watu hupaka oili chafu ya magari. Hii ni bei rahisi, lakini ina madhara. Oili hiyo hutoka polepole na kuenea juu ya maji. Maji ya ziwa hili tunayanywa sisi na mifugo yetu. Samaki nao wanaishi humo. Pia oili huzuia pamba na puti kushika. Kama huna fedha ya rangi leo, ngoja. Kausha mtumbwi na uufunike mpaka upate.

10. Kuujaribu mtumbwi majini

Usiende kuvua siku ya kwanza. Haraka haraka haina baraka.

Ushushe mtumbwi katika maji ya kina kifupi. Ufunge kwa kamba. Siku ya kwanza utavuja, hata kama kazi ni nzuri. Usiogope. Mbao zinakunywa maji. Uache siku mbili au tatu mpaka mbao zivimbe na kubana mishono.

Kisha toa maji yote na upime. Tazama saa. Baada ya saa moja, chota maji yaliyoingia kwa kopo unalojua ujazo wake. Hesabu lita. Andika katika daftari. Pima tena kesho yake. Kama maji yanapungua kila siku, mtumbwi unajifunga. Kama hayapungui au yanaongezeka, uvute nje na utafute tundu.

Baada ya hapo weka mifuko ya mchanga yenye uzito wa watu na samaki mnaobeba. Pima tena. Mtumbwi mtupu unaweza kukaa vizuri, lakini ukilemewa mishono ya juu inaingia majini. Huko juu ndiko wengi husahau kuziba.

11. Kama boti yako si ya mbao

Siku hizi ziko boti za faiba. Mwezi Januari 2024 huko Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan alikabidhi boti za kisasa kwa wavuvi wa Kanda ya Ziwa. Mahali pengine duniani watu hutumia boti za alumini, yaani madini yale yale ya sufuria zetu. Boti hizi hazina kuvu, lakini nazo huchakaa.

Boti ya alumini huvuja hasa kwenye ribiti, yaani vipini vinavyounganisha mabati yake. Ili kupata mahali panapovuja, iweke boti juu ya magogo nchi kavu, tia maji kidogo ndani, kisha tazama chini yanapotokea. Weka alama kwa mkaa. Usitie maji mengi, kwa sababu uzito wake unaweza kuipinda. Ribiti iliyolegea hugongwa upya au hubadilishwa. Usimpe fundi wa kuchomelea milango aichomelee. Alumini huyeyuka kwa moto mdogo kuliko chuma, na haigeuki kuwa nyekundu kabla ya kuyeyuka. Fundi asiyeizoea ataona tundu dogo limekuwa dirisha.

Boti ya faiba ikipasuka, hutengenezwa kwa nguo ya faiba na gundi yake maalumu. Kazi hiyo inataka fundi aliyejifunza. Lakini kanuni ni ile ile ya mtumbwi wa mbao: kagua, kausha, ponya kilichoharibika, ndipo upake rangi.

12. Tajiri, wavuvi na daftari la mtumbwi

Katika mialo yetu mwenye mtumbwi huitwa tajiri. Mara nyingi yeye haendi ziwani. Wanaokwenda ni vijana wake. Basi husikika mazungumzo kama haya:

"Shikamoo, mzee. Mtumbwi unavuja sana upande wa nyuma."

"Marahaba, wanangu. Nendeni tu leo. Tukipata samaki tutautengeneza."

Samaki wakipatikana, fedha inakwenda kwenye mafuta, nyavu na ada za shule. Mtumbwi unangoja. Kesho yake vijana wanaogopa kusema tena, wasije wakanyimwa kazi. Siku mbaya ikifika, tajiri anapoteza mtumbwi, na mama mmoja anapoteza mtoto.

Tajiri na wavuvi wakubaliane mambo matatu.

La kwanza, mtumbwi uwe na daftari lake. Kila mwezi wakague pamoja na kuandika tarehe, mahali palipoharibika, na lita za maji zinazoingia kwa saa moja. Wote waweke sahihi.

La pili, kila mauzo ya samaki yatolewe sehemu ndogo ya fedha ya matengenezo. Iwekwe mbali na fedha ya mafuta.

La tatu, mvuvi akisema mtumbwi haufai, asifukuzwe kazi. Mkaguzi wa kweli ni yule anayelala ndani ya mtumbwi huo usiku.

Pia tutii sheria. Chombo cha uvuvi kinahitaji leseni chini ya Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003. Usalama wa vyombo vya majini unasimamiwa na Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, yaani TASAC. Baada ya matengenezo makubwa, mwite Afisa Uvuvi na viongozi wa BMU ya mwalo wenu wautazame mtumbwi. Kila anayepanda avae jaketi la kuokoa maisha. Mtumbwi uliotengenezwa vizuri bado unaweza kupinduliwa na dhoruba au mzigo mkubwa.

Ndugu msomaji, mtumbwi hausemi uongo. Ukiugonga, unakuambia mahali panapouma. Ukiutia majini, unakuonyesha mahali panapovuja. Kazi yetu ni kusikia, kuandika, na kutengeneza kabla ya safari.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Mtumbwi una sehemu kubwa tatu. Zitaje. Ipi ni uti wa mgongo?
2. Kwa nini ubao ulio chini ya utepe wa bati huoza bila kuonekana?
3. Ni wakati gani hufai kuutengeneza mtumbwi mkuukuu? Toa sababu.
4. Kwa nini pamba isijazwe kupita kiasi katika mishono?
5. Katika mwalo wenu, nani huamua kama mtumbwi unafaa kwenda ziwani? Je, ni haki?

HESABU

1. Mtumbwi unavuja robo lita kwa dakika. Je, utaingiza lita ngapi kwa saa 8? Maji hayo yana uzito wa kilo ngapi?
2. Mtumbwi una urefu wa futi 20 na mishono 8. Mishono yote ina urefu wa futi ngapi? Mafundi wawili, kila mmoja akimaliza futi 20 kwa siku, watamaliza kwa siku ngapi?

KAZI YA KUFANYA

Nendeni mwaloni pamoja na mwalimu wenu. Ombeni ruhusa kwa mwenye mtumbwi. Ukagueni kwa nyundo na mkaa. Chora mtumbwi huo katika daftari lako na uandike yote mliyoyaona. Msomeeni mwenye mtumbwi.